“Breki Zinashika, Fundi”

Vani za viti vinane ndizo zinazonilisha. Tunaziita Noah hata zile ambazo si Noah, na kwenye gereji yetu hapa Tabata ni nadra siku kupita bila moja kuwa juu ya jeki. Ni gari la shule asubuhi, la sokoni Jumamosi, la harusi na la msiba, na ikifika Desemba ndilo linalobeba ukoo mzima kwenda Moshi. Nyingi zilitengenezwa kabla ya mtoto anayeketi kiti cha nyuma kuzaliwa, nyingine kabla mama yake hajamaliza shule ya msingi. Kwa uzee wake sina neno. Chuma kikitunzwa kinazeeka vizuri. Ninachotaka kueleza ni kile ambacho mwenye gari hakioni, kwa sababu kuna mtu alikuja kabla yangu akalipwa ili kisionekane.

Mteja akifika na shida nyingine, nami nikimwambia breki zake nazo zina matatizo, jibu ni lilelile: “Breki zinashika, fundi.” Ataingia garini, atazunguka uani, atakanyaga, gari litasimama. Haya, umeona? Nimeona. Gari tupu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ardhi tambarare: hata breki za tairi mbili zitalisimamisha. Na tairi mbili ndizo mara nyingi zinazofanya kazi.

Kuna vani moja ililetwa kwa sababu pedi za mbele zilikuwa zinaisha haraka mno. Mwenyewe alishabadilisha, akabadilisha tena, akaanza kulaumu maduka ya Gerezani kwamba yanamuuzia feki. Nikamwomba ruhusa nifungue nyuma. Akasema nyuma hakuna shida, hakujawahi kuguswa. Dramu ya kulia, ajasta imeganda kwa kutu, shuu ziko mbali na dramu, hazigusi kitu. Kushoto shuu zina kutu upande ule unaotakiwa kung'aa kwa kusuguliwa. Nikalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye silinda ya tairi hiyo, mafuta hayatoki. Nikaichomoa. Ndani ya mdomo wa bomba kulikuwa na gololi ya beringi, saizi imekaa sawasawa, nati imeikaza juu yake.

Nilijua kilichotokea bila kusimuliwa. Silinda ilikuwa inavuja, labda duka lilikuwa limefungwa, labda hela haikutosha, fundi akaziba tairi moja ili mtu afike nyumbani. Akafika. Gololi ikabaki humo miaka. Simlaumu sana aliyeiweka. Njiani usiku na watoto garini, kuziba bomba moja na kwenda polepole kunaweza kuwa bora kuliko kulala porini. Kosa lake ni kwamba hakusema. Au alisema, na mwenye gari akalifumbia macho, kisha akaliuza kwa mwingine.

Masta silinda ina vyumba viwili kwa makusudi, ili kimoja kikipoteza mafuta kingine kibaki na kazi. Kwenye vani nyingi za zamani chumba kimoja ni cha mbele na kingine cha nyuma. Ni ubunifu uliookoa watu wengi sana, lakini ndio huohuo unaomwezesha mtu kutembelea nusu ya breki bila kujua. Kinachotakiwa kumjulisha ni taa nyekundu kwenye dashibodi. Kwenye kikopo cha mafuta ya breki kuna boya, na chini yake soketi ndogo ya waya mbili. Mafuta yakipungua boya linashuka, taa inawaka. Soketi hiyo huwa naitazama kabla sijashika spana. Mara nyingi naikuta inaning'inia pembeni. Haikuchomoka yenyewe, maana ina kishikizo. Kuna kidole kilibonyeza na kuvuta.

Ukishaanza kutazama gari kwa jicho hilo, unaona limenyamazishwa kila mahali. Pedi nyingi huja na kibati kidogo cha chuma pembeni. Pedi ikikaribia kwisha, kibati kinagusa diski na kupiga ukelele unaokera masikio. Kimewekwa ili kikere. Nakutana na pedi ambazo kibati kimekunjwa kwa plaizi. Mteja alilalamikia kelele, fundi akaondoa kelele, mteja akalipa, wote wakaridhika.

Kwenye ABS ndipo naona vipaji hasa. Vitambuzi vya ABS vinakaa karibu na tairi, kwenye matope na joto, na waya zake zinapindishwa kila unapokata kona. Baada ya miaka mingi zinakatika. Taa ya njano inawaka. Kitambuzi kina bei yake, na kulipima kosa kunahitaji mashine na muda. Basi mmoja anafungua dashibodi na kuchomoa balbu. Mwingine anabandika solotepu nyeusi. Mwingine, huyu ndiye ninayemvulia kofia, anaunganisha taa ya ABS na waya wa taa ya betri, ili ukiweka funguo iwake na injini ikinguruma izime, mnunuzi aone gari zima. Mtu mwenye akili ya kusoma mchoro wa umeme kiasi hicho angeweza kutengeneza kile kitambuzi.

Jaribu kwenye gari lako leo. Weka funguo kwenye ON, usiwashe injini. Taa ya breki, ya betri, ya oili, ya injini, ya ABS, ya mifuko ya hewa, zote zinatakiwa kuwaka. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuulizia, ingawa watu wengi huifurahia. Kisha subiri. Taa ya ABS kwa kawaida hujizima yenyewe baada ya sekunde chache kabla hata hujawasha injini. Ikiwa inaingoja injini iwake ndipo izime, pamoja kabisa na ile ya betri, mtafute aliyekuuzia.

Desemba ndiyo inayonifanya niogope simu. Dar es Salaam ni tambarare. Breki mbovu inaweza kuishi hapa kwa muda mrefu. Kibaha, Chalinze, Korogwe, Same, barabara bado inavumilia. Halafu gari linapanda Marangu, Kibosho au Rombo, linakaa wiki ya sikukuu, na siku ya kurudi linashuka mlimani likiwa na watu wanane, mabegi, na ndizi zilizojaza kila nafasi. Dereva ameweka D, mguu juu ya breki kuanzia juu hadi chini. Hajawahi kugusa gia ya 2 wala L tangu anunue gari, na ukimuuliza zile herufi ni za nini atacheka.

Mama mmoja mteja wangu alinipigia kutoka Himo. Pedali imezama mpaka sakafuni, mumewe akavuta handibreki, haikushika, wakaegesha kwenye ukingo wa udongo. Wameshuka wote, wameweka jiwe chini ya tairi. Wakakaa kama nusu saa, akakanyaga tena, pedali ipo juu. “Fundi, imerudi. Tuendelee?” Nikamwambia, msiendelee, mama, tafuteni fundi hapohapo, amwage mafuta yote ya breki na kuweka mapya, na akague pedi. Alibisha kidogo. Pedali iko sawa, anaikanyaga mwenyewe, anaisikia ngumu.

Huko kurudi kwa pedali ndiko kunakoua watu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya kabisa haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji yanayofikia asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa ni nyuzi 140 tu. Hapa pwani hewa yenyewe ni maji. Mlimani kalipa zinapata moto, mafuta yanachemka ndani ya mabomba, mvuke unatokea, na mvuke unabonyea. Ukikanyaga unabonyeza mvuke, pedi hazisogei. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedali inapanda, na dereva anashukuru Mungu na kuondoka na mafuta yaleyale kuelekea mteremko unaofuata.

Mafuta ya gari lile nilikuja kuyaona baadaye, fundi wa Himo aliwapa kwenye chupa ya maji niliyowaomba waje nayo. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mapya huwa karibu meupe, au ya dhahabu kidogo. Mwenye gari alibadilisha oili ya injini kila wakati bila kukosa. Mafuta ya breki hakujua kama nayo hubadilishwa. Ni kila baada ya miaka miwili hivi. Na usinunue chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni hata kama imebaki robo tatu, kwa sababu imeshaanza kunywa maji dukani.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi: wanaongezea hidroliki ya usukani au oili ya gia, kwa kuwa nayo ni mafuta. Mipira ya breki haivumilii oili ya madini. Inavimba, inalegea, inang'ang'ania. Gari likiletwa na kikopo chenye wekundu ndani, kazi imekwisha kuwa kubwa: masta, kalipa, silinda za nyuma, mipira ya kupeleka mafuta, vyote. Mteja anaona namwibia. Alinunua chupa ya bei ya soda.

Mipira ya kupeleka mafuta nayo ina siri yake. Kwa nje unaona imepasukapasuka kidogo, si kitu. Ndani imevimba na kujifunga, mafuta yanaenda kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Tairi moja linapata moto, gari linavuta upande, watu wanabadilisha kalipa mbili tatu bure. Ukilegeza nipeli ya kutolea upepo na tairi likaachia, ni mpira.

Watu wanadhani breki na umeme ni idara mbili. Hata sisi wenyewe tumegawana hivyo, fundi breki hapa, fundi umeme pale kwenye kivuli cha mwembe, kila mmoja na wateja wake. Gari halijui mgawanyo huo.

Chukua dizeli. Busta ya breki inahitaji vakyumu ili mguu wako uongezewe nguvu. Injini ya petroli inaitoa kwenye manifoldi. Ya dizeli inahitaji pampu, na kwenye baadhi ya injini pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa oltaneta, vinazunguka kwa mhimili mmoja. Mzee mmoja oltaneta yake ilikufa, akafungiwa iliyotumika. Chaji ikarudi vizuri, mita inasoma 14, fundi umeme akapokea chake. Siku ya pili mzee anasema breki zimekuwa ngumu, anasimama na pedali kwa miguu miwili. Fundi umeme akasema mimi sijagusa breki, na kweli hakugusa. Fundi breki akabadilisha pedi. Kisha akabadilisha busta. Pampu ya ile oltaneta ilikuwa imechoka, haivuti. Alipofika kwangu alishatumia fedha ambayo ingenunua oltaneta nzuri na chenji ikabaki.

Kipimo cha busta ni bure. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, acha mguu juu yake, washa injini. Inatakiwa izame kidogo yenyewe. Isipozama, usiende popote.

Nyingine inayonirudia kila mwezi inaanzia mlango wa nyuma. Mlango ule unafunguliwa juu mara nyingi kila siku: mabegi ya shule, magunia, kreti. Waya zinazokwenda kwenye wipa, taa ya namba na taa ya tatu ya breki zinapita ndani ya mpira karibu na bawaba. Zinakunjwa na kunyooshwa miaka 15, 20, ganda linakatika, shaba inagusa bodi. Fyuzi ya taa za breki inaungua. Sasa hakuna taa ya breki hata moja, na wewe uliye mbele huwezi kuona mgongo wa gari lako.

Gari lenyewe hujaribu kukuambia. Kwenye vani nyingi za otomatiki, gia haitoki P mpaka swichi ya pedali ipeleke umeme, na umeme huo mara nyingi ni wa njia ileile ya taa za breki. Fyuzi ikikatika, gia inakwama. Kijana mmoja alikuja akilalamika kwamba alikuwa na tatizo la gia, ila limeshatatuliwa: fundi alimwonyesha kitufe kidogo cha kuilazimisha itoke. Alikuwa anakitumia kila asubuhi kwa muda wa kutosha kiasi kwamba rangi yake imefutika. Nikamwambia akanyage breki, mkewe asimame nyuma aangalie. Mkewe akasema, “Mbona hakuna kitu?” Wamepita Mandela Road na malori nyuma yao muda wote huo.

Au fyuzi inabadilishwa kwa ubabe. Ilikuwa ya buluu, ya ampia 15. Ikaungua, akaweka ya buluu nyingine, ikaungua, akaweka ya kijani ya 30. Hiyo haiungui. Wengine huweka waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi inatakiwa kuwa sehemu dhaifu kuliko zote kwenye njia yake. Ukiiimarisha, sehemu dhaifu inakuwa waya iliyo chini ya zulia. Noah za mwanzo kabisa, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, injini iko chini ya viti vya mbele. Fikiria waya iliyoungwa kwa solotepu, gundi imeyeyuka kwa joto, inapita karibu na mpira wa petroli wenye umri mkubwa kuliko wa kijana wa kidato cha sita, na juu yake ameketi abiria. Nimefungua kiti nikakuta ganda la waya limegandana na la jirani yake. Mwenye gari alisema kulikuwa na harufu, lakini iliondoka.

Kinacholisha matatizo haya ni starehe. Redio kubwa, skrini za watoto kuangalia katuni, spoti, alamu, taa za miguuni. Kila kimoja kimeungwa na mtu tofauti, mahali alipopata umeme karibu. Mtu huyohuyo aliyelipia skrini mbili ataniambia mipira minne ya breki ni ghali. Nimeacha kushangaa.

Ukitaka dalili moja ya kutazama mwenyewe usiku: gari lielekezwe ukutani kinyumenyume, kanyaga breki huku indiketa inawaka. Taa za breki zikififia na kupepesa pamoja na indiketa, ethi imeoza. Chumvi ya bahari inakula kwenye bolti za ethi polepole, na magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, yanafika hapa uvungu umeshaanza kuliwa, mabomba ya breki yakiwemo.

Huko Japani gari la familia hukaguliwa kwa lazima mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Likizeeka, ukaguzi huo unakuwa gharama, linauzwa, linapanda meli. Kenya hawaruhusu kuingiza lililozidi miaka minane. Kwetu linaingia, ushuru ndio unaopanda. Linakaguliwa linapoletwa, na barabarani askari anaangalia taa, tairi, wipa, kizimamoto. Hawezi kuvua dramu kando ya barabara, wala sitegemei afanye hivyo. Kwa hiyo kwa miaka yote inayobaki, wanaojua hali ya gari lile ni wale walioingia chini yake.

Ndiyo maana nimebadilisha namna ninavyoandika risiti. Mteja akija kwa pedi za mbele, nafungua na nyuma, namwita aone kwa macho yake. Akisema hana hela, sawa, wengi kweli hawana, simfukuzi. Lakini kwenye risiti naandika: breki za nyuma hazifanyi kazi, soketi ya taa ya mafuta nimeirudisha, taa ya ABS haiwaki, mteja ameelezwa. Naye anatia saini.

Wapo waliochukia wakahamia gereji ya mbele. Wapo waliorudi wiki hiyohiyo, mke akiwa ameisoma ile karatasi mezani. Na mmoja aliniomba nimwandikie risiti nyingine isiyo na maneno yale, kwa sababu kuna mtu anakuja kuliangalia gari Jumapili analitaka kwa ajili ya familia yake. Nikamwambia naweza kumwandikia hata tatu, zote zitasema vilevile, na kama mnunuzi anataka kuuliza, namba yangu ipo juu ya karatasi.